Gari Lililomchukua Bakhto

Bahawalpur
3 Septemba 1986

Bakhto mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Watu wa soko hili wanadhani mimi Allah Wasaya sijui kusoma kwa sababu nafuata kwa kidole. Waache. Kidole kinajua njia.

Habari ya mimba imenifurahisha. Mama yako angekuwepo angegawa halua mtaa mzima mpaka watu waseme basi. Sasa sikiliza. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke. Hilo sikulitunga mimi. Mama yako hayupo, lakini nyumba ipo, shangazi yako Rasulan yupo, na mkunga aliyekupokea wewe bado ana meno yake. Mimba ikiingia mwezi wa saba utakuja. Na utakuja ndani ya gari uliloondokea.

Wengine huwapeleka binti zao harusini na vitanda na masanduku. Mimi nilikupeleka na injini. Gari la Kiingereza la viti viwili, nimelikuta kwenye zizi la bwana mmoja mkubwa, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, nikalifufua kwa mikono hii, nikalipaka rangi nyekundu, ukakaa ndani na maua yako shingoni, na mji mzima ukasimama. Kutoka Multan mpaka Rahim Yar Khan hakuna fundi aliyewahi kufanya vile. Wakubwa walikuja kuniuliza, Ustad, fundi wa mafundi, umeliamshaje? Nikawaambia nendeni mkalale.

Ndiyo maana neno lako la mwisho limeniudhi. Eti linatoa moshi na linavuja oili. Moshi gani? Moshi una rangi, na rangi ndiyo ulimi wa gari. Ukiwa mweusi, linakula petroli kama mlafi. Ukiwa mweupe na hauishi hata injini ikipata moto, maji yameingia ndani. Ukiwa wa bluu, linaunguza oili. Nijibu: rangi gani? Linapowashwa asubuhi, linapopanda, au linaposhuka mguu ukiwa umeachia mafuta?

Na oili inatoka wapi? Usiniambie chini, oili yote huishia chini. Futa injini kwa mafuta ya taa, ikauke, halafu ipulizie unga wa chapati kila mahali. Liendesheni kidogo, lisimamisheni, mtazame unga umelowa wapi kwanza. Wengine hutumia chaki. Unga ni bora, nimeugundua mimi.

Mwambie mumeo Tasawar asimpe gari fundi wenu wa milimani. Wale wamezoea baiskeli.

Baba yako,
Ustad Allah Wasaya


Abbottabad
14 Septemba 1986

Baba, asalaam aleikum.

Nimefanya ulivyoniagiza. Baba mkwe alitoka kuswali akaikuta injini nyeupe kama bibi harusi wa Kizungu, nayo ikipata moto inanukia jikoni. Akasema, "Bakhto, Ustad ametupa gari au tanuri?" Wote wakacheka, hata mama mkwe. Nami nilicheka.

Rangi ni bluu. Asubuhi kidogo. Tukipanda mlima wa kutoka mjini, mwingi. Tukishuka, Tasawar akiachia mafuta, mwingi zaidi, mpaka malori ya nyuma yanapiga honi.

Unga ulilowa kila mahali, baba, hakukuwa na mahali pa kwanza. Sili za kuzuia oili, ya mbele na ya nyuma, kifuniko cha vali. Hata kijiti cha kupimia oili kinasukumwa juu kutoka tunduni. Niliondoa kifuniko cha kumiminia oili injini ikiunguruma, kikaniruka mkononi na pumzi ikatoka kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nilikulia karakanani kwako nikikupa spana, kwa hiyo nauliza tu. Lile bomba la kupumulia lililo ubavuni mwa injini, huko kwetu mnaliziba kwa kitambaa ili vumbi la jangwa lisiingie. Kitambaa bado kimo? Huku hakuna vumbi, kuna mvua na miinuko, na Tasawar huliendesha mbali. Pengine kimeshiba oili kikawa kigumu, na injini haina pa kupumulia, ndiyo maana inatafuta mlango kila mahali. Nauliza tu.

Oili inadondoka uani, pale baba mkwe anapotandika mkeka wake wa sala. Ameuhamisha. Kila siku anauhamisha tena.

Mtoto anapiga mateke. Nahesabu siku za kuja.

Bakhtawar wako


Bahawalpur
22 Septemba 1986

Bakhto,

Unauliza tu. Mimi pia nauliza tu: nani alikufundisha kuuliza hivyo? Ulinipa spana, sawa, lakini anayempa mpishi chumvi hajawa mpishi.

Bomba la kupumulia usiliguse. Narudia kwa sababu nakujua. Usiliguse, na mtu mwingine asiliguse. Kila injini iliyotoka mkononi mwangu ina kitambaa pale, na zote zinatembea mpaka leo. Vumbi la huku ni kama msasa, likiingia linakula chuma. Ustadi ndio huo. Nilichokifunga mimi hakifungui mtu. Watu wa karakana zote za huku wanalijua hilo, hata wezi wa vipuri wanalijua.

Ugonjwa nimeshauona kutoka hapa hapa nilipokaa. Moshi wa bluu wakati wa kupanda ni ringi za pistoni. Zimechoka. Na kwa nini zimechoka? Mguu wa Tasawar. Alipokuwa kwetu akipima mifereji ya serikali alikuwa anaendesha gari la kazi, na gari la kazi ni punda. Gari hili ni farasi. Habari za kushuka usiniletee, kushuka hakuna maana, hata ndoo hushuka.

Nimempa kondakta wa basi ringi mpya, nimezichagua mwenyewe moja moja. Fundi wenu azivishe, na mwambie midomo ya ringi, pale zilipokatwa, isikae mstari mmoja. Akikuuliza kwa nini, jua kwamba hafai.

Chumba chako nimekipaka chokaa.

Ustad Allah Wasaya


Abbottabad
9 Oktoba 1986

Kwa mkwe mwenzangu Ustad Allah Wasaya,

Asalaam aleikum. Mimi ni mtu wa mbao, sijui injini, basi utaniwia radhi nikikosea majina.

Ringi zako zilifika. Fundi Sarfaraz aliifungua injini mbele yetu. Alisema za zamani hazina kasoro, lakini kwa heshima yako akazitoa akavisha mpya, na midomo hakuipanga mstari mmoja, Bakhtawar alisimama juu yake mpaka akamaliza. Gari likawashwa. Moshi ni ule ule. Nasikia hata majirani wanasema tuna kiwanda.

Sikulaumu. Gari ni zuri, na siku lilipoingia mtaani kwetu nilijisikia kijana. Ninachotaka kusema ni kingine. Binti yetu ni mzito sasa, na kwake moshi ule ni kichefuchefu kitupu. Mke wangu yuko tayari kumsindikiza kwa treni kutoka Rawalpindi mpaka mlangoni kwako. Atalala, ataswali, atakula chakula cha nyumbani njiani. Gari litafuata likipona. Nakubali kabisa kwamba mtoto azaliwe kwenu, ni haki yenu na sina neno. Nipe jibu tukate tiketi.

Wako,
Haji Gauhar Rehman


Bahawalpur
17 Oktoba 1986

Haji,

Wa aleikum salaam. Tiketi usikate.

Binti yangu aliondoka hapa kwa gari jekundu mchana kweupe, watu wamepanda juu ya mapaa. Leo arudi kwa treni, na mfuko wa chapati na mama mkwe? Watu wa soko watauliza gari liko wapi. Niwaambie nini? Lina homa? Nitakaa hapa nimwangalie Ditta, fundi wa trekta, akicheka na meno yake yale? Anayemtoa binti yangu ndani ya gari lile amenitemea mate usoni, nakuambia waziwazi kwa sababu mimi si mtu wa kuzunguka.

Ringi mpya hukaa baada ya mwendo. Mwenye kujua anajua. Huyo Sarfaraz aliyeona ringi za zamani hazina kasoro, mpe mbao zako azipige randa.

Atakuja na gari au hatakuja.

Ustad Allah Wasaya


Abbottabad
28 Oktoba 1986

Baba, asalaam aleikum.

Moshi umekwisha. Oili haidondoki tena. Ringi zako zimekaa, kama ulivyosema.

Baba mkwe amekubali nije na gari. Tasawar ataendesha taratibu na tutalala Lahore kwa binamu yake. Tukijaliwa tutatoka huku wiki ya tatu ya Novemba. Mwambie shangazi Rasulan asinunue blanketi, ninalo.

Baba, nakuomba jambo moja tu. Usimwandikie baba mkwe habari ya gari. Jambo hilo limekwisha. Usiandike chochote, hata salamu nitakufikishia mimi.

Bakhtawar wako


Bahawalpur
4 Novemba 1986

Haji Gauhar Rehman, mfanyabiashara wa mbao,

Nakuandikia kukupa salamu zako, na salamu za ringi zangu.

Unasikia kimya hicho nyuma ya gari? Hakuna moshi. Nimeliponya nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu cha kamba, katika mji wa jangwani, wakati ninyi mmesimama juu yake hamwoni kitu. Barua yako nimeisoma karakanani kwa sauti, ile uliyosema gari litafuata likipona, na watu wamecheka mpaka Ditta akamwaga chai. Sasa nataka uwaite majirani wako waliosema una kiwanda, uwaambie hivi: Ustad alisema, na Ustad alikuwa sahihi. Kisha mwambie mwanao ajifunze kuweka mguu, maana aliyemlea hakumfundisha. Mtu aliyekaa na magogo maisha yake yote atamfundisha nani mwendo?

Siku gari litakapoingia hapa nimeweka wapiga ngoma. Wewe pia karibu, nitakuonyesha injini, ukitaka kujifunza uzeeni.

Ustad Allah Wasaya


Abbottabad
13 Novemba 1986

Ustad,

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Binti yako aliniomba ninyamaze, na kwa ajili yake ningeweza kufa na neno hili. Lakini barua yako aliifungua Tasawar akidhani ni habari ya safari, akaisoma mbele ya mama yake.

Moshi ule haukuondolewa na ringi. Siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa uani nikisugua oili kwenye vigae kwa majivu. Bakhtawar hakuniona. Alipiga magoti kando ya gari na tumbo lake lile, akaingiza waya kwenye bomba la ubavuni, akavuta. Kikatoka kitambaa kigumu kama ngozi ya kiatu. Akakifinya, akakisugua kwa mafuta ya taa, akaanza kulia. Nilipomwendea akakificha nyuma ya mgongo kama mtoto. Nikamwambia, "Binti, mimi sijui injini, lakini naona umemkamata mwizi." Akaniambia, "Baba, usimwambie mtu. Wakijua ni kitambaa cha baba yangu ataona haya. Tuseme ni ringi." Tukawasha gari, moshi ukapungua, ukaisha, na ua wangu ukakauka. Nikaenda kwa Tasawar na kwa Sarfaraz, nikasema ni ringi. Mimi, Haji, nilisema uongo kwa ajili ya jina lako, Ustad, na wewe umeisomea karakana nzima barua yangu.

Kitambaa nimemwomba anipe, nakutumia humu ndani.

Mimi si mtu mwenye kinyongo kirefu. Mke wangu ameapa kwamba mkwewe hatatoka nyumba hii kwenda kwa mtu aliyesema hakumlea mwanawe vizuri, lakini kiapo cha mke wangu nakiweza. Niandikie mstari mmoja: kitambaa ni changu, nilikosea. Sihitaji majirani, sihitaji ngoma. Ukinipa mstari huo nitamleta mwenyewe, kwa gari lako hilo hilo, Tasawar akiendesha, nami nifuate nyuma kwa basi, kwa kuwa lina viti viwili. Usipoandika, mtoto atazaliwa hapa.

Haji Gauhar Rehman


Bahawalpur
21 Novemba 1986

Haji,

Nimepokea ulichotuma. Hicho si kitambaa changu. Mimi huziba kwa pamba nyeupe mpya. Hicho ni kitambaa cha mtu mwingine, pengine cha huyo Sarfaraz alipofungua injini yangu bila adabu. Mtandio wa marehemu mke wangu, ikiwa ndilo mnalotaka kusema, umo sandukuni kwangu, mzima.

Sina mstari wa kuandika.

Allah Wasaya


Abbottabad
19 Januari 1987

Baba, asalaam aleikum.

Mtoto amezaliwa, wa kike. Nimempa jina la mama, Hajran. Ni mzima. Mimi nilikuwa na homa, sasa nimepoa. Mama mkwe alikaa nami tangu uchungu ulipoanza, hakunikosesha kitu. Ni wewe tu na shangazi mliokosekana.

Barua yako ya Novemba baba mkwe hakunionyesha. Nimeikuta nikitafuta sindano. Nimeisoma nikimnyonyesha.

Baba, hakuna mtu aliyetaja mtandio. Baba mkwe aliandika kitambaa. Wewe ndiye uliyeandika mtandio.

Ule ulio sandukuni niliukunja mwenyewe kabla ya harusi yangu. Una pembe moja iliyokatwa. Nilidhani ni panya, nikaushona ukingo usifumuke. Siku nilipokitoa kile bombani nikakisugua kwa mafuta ya taa, ikatoka rangi ya kijani, na upande mmoja kuna maua yale madogo aliyokuwa akitarizi mama akikaa kibarazani. Ndiyo maana nililia. Sikulia kwa sababu ya gari. Nilifikiri: alikosa kitambaa laini cha kutosha kwa injini yake, akakata cha mke wake, kisha akampa binti yake. Nilikuona mpole siku ile, baba, kuliko siku zote. Nilitamani kukuandikia hivyo, nikaogopa utajua kwamba nimefungua ulichokifunga.

Gari tumelifunika turubai. Tasawar haliendeshi, anasema kila akikaa ndani anasikia karakana nzima ikicheka.

Nakuomba kitu kimoja. Kama kitambaa kile si chako, nirudishie. Kwa upande wangu ni cha mama yangu, na nina binti mwenye jina lake. Kifunge kwenye karatasi, mpe kondakta.

Bakhtawar


Bahawalpur
11 Februari 1987

Bakhto,

Barua imefika. Nimeisoma mwenyewe.

Hajran ni jina zuri. Mwenye jina alikuwa na kichwa kigumu, mwangalie mapema.

Gari lililofunikwa turubai linaoza, nimewaambia watu miaka yote. Tasawar aliwashe kila wiki, liungurume mpaka lipate moto. Kwanza atazame kijiti cha oili. Akiona moshi mweupe asubuhi ya baridi asiogope, huo ni mvuke, unaondoka. Akiona wa bluu aniandikie. Mimi, si Sarfaraz.

Wapiga ngoma niliwarudisha. Ditta alitaka kujua kwa nini, nikamwambia gari limekwenda mashindano Peshawar. Ameamini. Ditta huamini chochote.

Siku hizi napita stesheni wakati treni ya Rawalpindi inaingia. Sipiti kwa sababu yoyote, kuna mtu pale anachemsha chai nzuri. Watu wengi wanashuka na watoto wachanga. Nimeona wanawake wanafika salama kabisa, na mifuko yao ya chapati.

Shangazi Rasulan anakusalimu. Chokaa ya chumba inataka kupakwa tena, huku vumbi halikosi njia.

Habari ya kitambaa. Nimekifua kwa mafuta ya taa, nikakifua kwa sabuni, oili haitoki yote. Maua yamebaki matano, la sita limeliwa. Nimekianika ndani, nje kuna vumbi.

Sikusema ni changu. Lakini sikirudishi.

Allah Wasaya